Vipindi vya kusaka warithi vinatuonyesha machozi, karatasi vinaficha

Wadau wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, hili jambo limefika shingoni. Hivi vipindi vya runinga vya kutafuta warithi wa mali iliyokosa mwenyewe, kuanzia kile cha Waingereza kilichoanza BBC mwaka 2007, vipande vyake vinazunguka WhatsApp bila kukoma, na kila vikizunguka lazima atokee mtu wa kuuliza mbona sisi hatubishiwi hodi.

Tazameni kinachokatwa. Jamaa wa suti anabisha, mama anafungua, anaambiwa kuna binamu asiyemjua amefariki bila wosia. Machozi, muziki, kwisha. Mkataba hauoni! Na mkataba ndio biashara yenyewe, maana kampuni ya huyo jamaa haikutajii jina la marehemu mpaka utie sahihi kwamba itakata asilimia ya fungu lako. Jina lenyewe wamelitoa kwenye orodha ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiitangaza bure hadi mwaka 2025, mtu yeyote akiisoma. Orodha hiyo haikutaja thamani ya mali, kwa hiyo zile pauni zinazotangazwa mwanzo wa kipindi ni za kukisia tu, aghalabu kwa kuangalia kama marehemu alikuwa na nyumba.

Mgawanyo nao wanaupitia mbio. Mali ikiangukia upande wa binamu, haigawanywi kwa kuhesabu vichwa. Inapita kwanza kwa wajomba, ma-ami na shangazi wa marehemu, na fungu la aliyekwisha kufa linashuka kwa watoto wake. Chukua pauni 90,000 na wajomba au shangazi watatu wa namna hiyo: kila tawi lina 30,000. Tawi lenye mtoto mmoja, anazibeba zote. Tawi lenye watoto tisa, kila mtu 3,333, na kampuni bado haijakata chake. Nadhani mnajua kamera inakwenda kwa nani.

Tena kule kazi inakwenda haraka kwa sababu Uingereza na Wales wana rejista za kuzaliwa, ndoa na vifo tangu 1837. Kijana anaketi kwenye kompyuta asubuhi, chai ya saa nne inamkuta ameshachora ukoo mzima. Mzee aliyezaliwa Butere au Bondo miaka ya 1930, mara nyingi rejista yake ni kumbukumbu ya dada yake.

Sasa huku kwetu Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema asiyeacha mwenzi wala mtoto anarithiwa na baba; baba asipokuwepo, mama; kisha ndugu na watoto wa ndugu waliofariki, kisha ndugu wa mzazi mmoja, kisha jamaa wa damu hadi daraja la sita. Wote wakikosekana, mali inaingia Hazina ya serikali. Hakuna mtu wa suti hapo katikati. Unaanza wewe, na unaanza kwa chifu.

Barua ya chifu ndiyo inayovunja watu. Inatakiwa itaje kila aliyebaki: wake wote, watoto wote, mabinti walioolewa wakiwemo. Familia "zinasahau" binti aliyeolewa Siaya au mtoto wa nje, halafu miaka minne baadaye huyo binti anakwenda kortini na kifungu cha 76 cha sheria hiyo, hati ya kusimamia mirathi inafutwa, shamba lililokwisha kuuzwa linageuka kesi. Waandikeni wote. Asiyetaka kitu atasema mwenyewe mbele ya korti.

Kosa la pili ni kibali cha mazishi. Hicho si cheti cha kifo, jamani! Aliyefia nyumbani anaandikishwa kwa naibu wa chifu kwenye fomu D2, aliyefia hospitalini ni D1, ndipo cheti kitoke kwa msajili. Angalieni jina kabla ya kuondoka kaunta. Kitambulisho kikisema Wafula, hatimiliki ikasema Wafulah, andaeni kiapo kwamba ni mtu mmoja.

Kortini kuna fomu za mirathi: ombi lenyewe, fomu P&A 80, kiapo cha P&A 5 chenye orodha ya warithi na mali, ridhaa ya wengine kwenye P&A 38, na wadhamini. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 hakimu mkuu anaweza kuisikiliza, si lazima Mahakama Kuu. Tangazo la ombi linakaa siku 30 kwenye gazeti rasmi la serikali. Mkipata hati, msikimbilie kuuza: kwa kawaida inathibitishwa baada ya miezi sita, na kabla ya hapo ardhi haigawanywi. Kukiwa na watoto wadogo, wasimamizi wasipungue wawili. Na shamba likiwa bado kwa jina la babu, mirathi ya baba haitoshi, anzeni na ya babu. Kipindi gani kimewahi kuonyesha hilo?

Nyongeza, kwa aliyeuliza kuhusu pesa za benki za marehemu: akaunti ikilala miaka mitano, fedha za simu miwili, gawio la hisa mitatu, zinapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali ya fedha zisizodaiwa, chini ya sheria ya mwaka 2011. Piga *361# au ingia tovuti yao, tafuta kwa jina na namba ya kitambulisho cha marehemu. Jaribu namba ya kile kitambulisho cha zamani pia, na jina la ubatizo peke yake, maana kampuni nyingi zilipeleka majina nusunusu. Ukilipata, dai kwa hati iliyothibitishwa, cheti cha kifo na kitambulisho chako. Anayekupigia simu akitaka "ada ya kufungua faili" kabla hata hajataja jina la marehemu, kata simu.