Mjadala: Je, halmashauri za Perth zilazimishe vichaka vya asili mahali pa nyasi?

Mleta mada
Ndugu zangu, mvua za hapa Perth, Australia Magharibi, zimekuwa zikipungua tangu miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya maji ya bomba sasa hutoka ardhini au baharini, kupitia mitambo ya kuondoa chumvi ambayo wa kwanza wake ulianza kazi Kwinana mwaka 2006. Vinyunyizio vya maji ya bomba huruhusiwa siku mbili kwa wiki, na kuanzia tarehe 1 Juni hadi 31 Agosti, majira ya baridi ya huku, huzimwa. Hata hivyo, pita mtaani mwezi Februari, jua likiwa kali, uone kila nyumba inavyonywesha kile kipande cha nyasi cha kando ya barabara, ambacho hakikanyagwi na mtu isipokuwa yule anayekikata. Hoja yangu ni kwamba nyumba zote mpya zilazimishwe kupanda vichaka vya asili kama grevilia, banksia na eremofila. Baadhi ya eremofila zina majani yaliyofunikwa vinyweleo vyeupe kama fedha, vinavyorudisha mwanga wa jua; na mbegu za banksia ni chakula cha kasuku mweusi wa Carnaby, ambaye yumo hatarini kutoweka.

Mchangiaji wa kwanza
Kuhusu maji tuko pamoja, lakini sheria siitaki, na sababu yangu ni banksia tatu nilizoziua kwa mikono yangu. Nilizipanda kama marehemu baba alivyonifundisha kupanda migomba: shimo pana, samadi ya kuku, na konzi ya mbolea ya fosfeti, yaani yenye fosforasi, juu yake. Haukupita muda majani yakaungua kingoni, nami nikidhani ni kiu nikaongeza maji. Kumbe mimea hii imezoea mchanga uliokwisha rutuba; mizizi yake huota vishada vya vijizizi vyembamba vinavyotafuta fosforasi chembe kwa chembe, na ikiletewa kwa wingi haijui kukataa. Atakayelazimishwa bila kuelezwa haya ataua kama mimi, kisha atarudisha nyasi.

Mchangiaji wa pili
Mimi nina shaka na neno lenyewe, "asili". Mgrivea tunaoujua kwenye mashamba ya kahawa kwetu ni aina ya grevilia, nao umetoka Australia, ila ni mti wa misitu ya mvua ya mashariki, na hapa Perth ni mgeni kama sisi. Kinyume chake, akasia aina ya saligna, mwenyeji halisi wa huku, ilipopelekwa Rasi ya Afrika Kusini kuzuia mchanga wa pwani iligeuka gugu sugu. Kipimo kiwe udongo na mvua, si nchi ilikotoka mbegu.

Mleta mada
Nimeelewa, na narekebisha hoja. Halmashauri izuie nyasi za kando ya barabara kwa nyumba mpya tu, na badala ya kuamuru igawe miche ya mbegu za hapahapa, pamoja na karatasi moja ya maelezo: panda mvua za kwanza zinapolowesha mchanga, Aprili au Mei, usitie samadi wala fosfeti, tandaza vipande vya mbao bila kugusa shina, mwagilia kwa kina viangazi viwili vya mwanzo. Mchangiaji wa kwanza, zile banksia ulizipanda mwezi gani?

Mchangiaji wa kwanza
Januari, saa saba mchana. Naomba msinicheke.