Mjadala: Wageni waruhusiwe tena kupanda piramidi ya Chichén Itzá?

Wakuu, hoja iko mezani. Kule Chichén Itzá, mji wa kale wa Wamaya nchini Mexico, zamani mgeni yeyote mwenye pumzi alipanda piramidi ya Kukulkán, mungu wao wa nyoka. Mwaka 2006 mtalii kutoka Marekani akaanguka akafa, na ngazi zikafungwa. Wapo wanaolalamika hadi leo: umevuka bahari, umelipa kiingilio, halafu unaishia kwenye kamba kama mtoto aliyekosa kadi ya harusi.

Mimi nasema marufuku ibaki, na si kwa sababu ya ajali tu. Jengo lile limejengwa litazamwe kutoka chini. Kila upande una vipandio 91. Pande nne ni 364, na jukwaa la juu linatimiza 365, siku za mwaka. Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana, jua la alasiri huchora pembetatu za mwanga kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, zikashuka hadi kwenye kichwa cha nyoka cha jiwe kilicho chini kabisa. Aliye juu anaambulia nini? Hata ukipiga makofi, mwangwi unaolia kama ndege unausikia ukiwa umesimama uwanjani.

— Mkuu, umeiruka Tikal, mji mwingine wa kale wa Wamaya kule Guatemala. Hekalu la Nne lina kimo cha mita 65 hivi, na watu wanapanda kwa ngazi za mbao zilizowekwa pembeni. Jiwe la kale halikanyagwi, na juu unaona mahekalu mengine yakichomoza msituni. Mexico inashindwa nini?

— Chichén Itzá inapokea watu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Na hizo mbao utaziegemeza upande upi, wakati pande zote nne zimepigiwa hesabu?

— Mnabishania ngazi tu! Hadi 2010 ardhi ile ilikuwa mali ya familia moja, ndipo jimbo la Yucatán likainunua. Wamaya wa vijiji jirani wanaouza vinyago mle ndani bado wanavutana na wakubwa. Wao nani kawauliza?

— Hapo umenigusa, hiyo ni kubwa kuliko yangu. Ianzishie uzi wake, nitakuja kuchangia. Ila kwa hili la kupanda sijahama: Novemba 2022 mwanamke mmoja aliruka kamba akapanda na kucheza kule juu. Aliposhuka alizomewa na kumwagiwa maji na waliokuwa uwanjani.