Godoro la kuangukia kwa ajili ya Fontainebleau, na baadaye Lukenya: nichague lipi?

Mwanafunzi_Paris

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mkenya niliyeko masomoni Paris, na katika mchezo wa kupanda majabali mafupi bila kamba, hadi sasa nimekuwa nikipanda kwenye kuta za ndani tu, ambako sakafu yote imefunikwa sponji nene na mtu hana haja ya kujiuliza ataangukia wapi. Sasa nataka kuanza kwenda kwenye majabali ya msitu wa Fontainebleau, kwa hiyo nahitaji godoro langu mwenyewe la kuangukia. Gari sina. Nitapanda treni ya R kutoka Gare de Lyon, nishuke Bois-le-Roi, kisha niendelee kwa miguu hadi eneo la majabali la Rocher Canon nikiwa nimelibeba mgongoni. Masomo yakiisha nitarudi Nairobi, na ningependa godoro hilohilo linifae Lukenya, kile kilima cha wapanda miamba karibu na Nairobi.

Dukani nimeonyeshwa mawili yenye ukubwa unaokaribiana, kama mita 1 kwa mita 1.3. La kwanza limekatwa katikati na kuwekewa bawaba ya kitambaa. Unene wake ni sentimita 10 na uzito ni kilo 5 hivi. La pili ni kipande kimoja cha sponji kisicho na mkato, ambacho hukunjwa kwa nguvu kama chapati na kufungwa kwa mikanda. Lina unene wa sentimita 12 na ni zito zaidi. Muuzaji anasisitiza kwamba la msingi ni unene. Naomba ushauri wenu, kwa kuwa uwezo wangu ni wa kununua moja tu.

Mchanga_na_Majabali

Karibu msituni, dada. Kabla ya kuulizia unene, tazama kwanza ardhi utakayoangukia. Sehemu kubwa ya Fontainebleau ni majabali ya mawe mchanga yaliyosimama juu ya mchanga tambarare, na mengi kati ya yale utakayoanza nayo, ya mizunguko ya manjano, ya chungwa na ya buluu (rangi huonyesha kiwango cha ugumu), si marefu. Utaratibu wa huko ni kufuata mishale iliyopakwa rangi kutoka jabali moja hadi jingine, hivyo kwa siku moja utalitandika godoro na kulibeba tena mara nyingi mno kuliko utakavyoliangukia. Kwa kazi ya namna hiyo ningechukua lile la bawaba bila kusita, kwa sababu hufunguka na kulala bapa papo hapo, hukunjwa kwa mkono mmoja, na ndani ya treni halimsumbui abiria wa jirani sana.

Kuhusu unene, muuzaji amekueleza nusu ya habari. Godoro la maana lina matabaka mawili: juu kuna sponji ngumu yenye matundu yaliyofungwa, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2.5, na chini yake sponji laini yenye matundu wazi. Ile ngumu hutawanya uzito wa nyayo zako juu ya eneo pana, na ile laini hubonyea huku ikitoa hewa, na hivyo kupunguza kasi yako. Anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa, na godoro la sentimita 14 lililojazwa sponji laini peke yake linaweza kubonyea hadi mwisho na kumwacha agonge ardhi. Ukiwa dukani, litandike sakafuni upige goti moja katikati kwa uzito wako wote. Ukiisikia sakafu, liache hapohapo. Fanya jaribio hilo ukikumbuka pia kwamba sponji hukakamaa kwenye baridi na kulegea kwenye joto, kwa hiyo godoro linaloonekana gumu kidogo dukani litakuwa gumu zaidi mwezi wa Januari, ambao kwa kweli ni wakati mzuri wa kupanda huku.

Tafuta pia lenye kipande cha zulia kilichoshonewa, au chukua kipande chochote cha zulia kuukuu, ili ufutie soli za viatu kabla ya kupanda. Mchanga unaonasa kwenye soli husugua mwamba mpaka ukawa utelezi. Na mvua ikiwa imenyesha, panda ukuta wa ndani siku hiyo: mawe mchanga yakilowa hudhoofika, na kishikio kikimeguka hakirudi tena.

Lukenya_Alfajiri

Ninakubaliana na mwenzangu kuhusu matabaka, lakini ushauri wake unaishia pale mchanga unapoishia. Huku kwetu mara nyingi chini ya jabali kuna mawe, mizizi na mteremko, na hapo ndipo bawaba inapoonyesha ubaya wake. Ukilitandika godoro la namna hiyo juu ya jiwe lililochomoza, nusu zake mbili huachana pale kwenye mkunjo, na kisigino kikitua hapo hupenya moja kwa moja hadi kwenye jiwe. La kipande kimoja halina ufa huo, na kwa kuwa halipendi kulala bapa, hujipinda kufuata umbo la ardhi. Kasoro yake ni ubishi wa kulifunga, hasa likiwa jipya.

Kuna aina ya tatu ambayo muuzaji hakukuonyesha, nayo ni bawaba ya mshazari. Sponji hukatwa kwa kuinamisha kisu badala ya kukisimamisha wima, hivyo nusu moja huilalia nyingine na mguu haukuti pengo la wazi. Kwa mtu mwenye safari mbili kama wewe, ningeitafuta hiyo. Angalia na kitambaa: miiba ya migunga haina huruma, na nailoni nzito ya denia 1000 (kipimo cha unene wa uzi) huistahimili vizuri kuliko turubai jepesi. Bizimu ziwe za chuma, kwa maana za plastiki zikikanyagwa juu ya jiwe hupasuka.

Jambo moja zaidi. Vifundo vya miguu mara nyingi huteguka kwenye ukingo wa godoro, mtu anapotua nusu ndani na nusu nje, kwa hiyo upana una uzito wake katika uamuzi huu, na mwenzako wa kukukinga ana uzito zaidi. Kazi yake si kukudaka bali kukuelekeza kiunoni ili utue katikati, na kulinda kichwa chako.

Mwanafunzi_Paris

Nawashukuru. Bawaba ya mshazari nimeipata katika duka jingine, sentimita 100 kwa 130 na unene wa 12. Kinachonitatiza sasa ni ndege. Je, shirika litalipokea kama mzigo wa kawaida?

Fundi_Turubai

Piga hesabu mapema, dada yangu. Mashirika mengi huruhusu mzigo ambao urefu, upana na kina vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Godoro hilo likikunjwa litakuwa 100 kwa 65 kwa 24, yaani 189, na hapo utalipishwa mzigo wa ukubwa usio wa kawaida hata kama uzito wake ni mdogo kuliko sanduku la nguo.

Kwa sababu hiyo mimi naona la kuchunguza kabla ya mengine yote ni zipu. Chagua godoro ambalo gamba lake, yaani kitambaa cha nje, hufunguka upande mzima na sponji zikatoka. Sponji laini ndiyo huchoka kwanza, kwa hiyo ukiitumia kila wiki, siku ya kuondoka itakuwa imeanza kuzama na hakuna hasara kubwa kuiacha. Toa sponji zote, kunja gamba pamoja na mikanda yake uliweke ndani ya sanduku, na ile ngumu, ikiwa nyembamba, unaweza kuiviringisha.

Nairobi wauza magodoro watakukatia sponji kwa vipimo vyako. Usiombe ya kulalia ya kawaida; omba ya msongamano mkubwa, uikalie na kuipiga goti kama ulivyoelekezwa hapo juu. Sponji ngumu ni kazi kuipata ikiwa kipande kimoja kikubwa, na ukishindwa, tumia mikeka ya EVA (aina ya sponji ngumu ya plastiki) ya kuunganisha inayotandikwa kwenye kumbi za mazoezi. Gundisha matabaka mawili huku maungio yakipishana, la sivyo mguu utayafungua. Sponji laini ikatwe sentimita 1 zaidi ya gamba kila upande ili pembe zijae, na godoro likiwa nyumbani liache limefunguliwa, lisikae limekunjwa kabatini.