Uliumia kazini ukadai fidia? Tupeane uzoefu

Fundi Bati
Wakuu, naanza mimi. Kiwanda cha mabati, Dar, zamu ya usiku, glovu zimeisha wiki nzima. Mashine ya kukatia ikaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Supavaiza akanifunga tambara la kufutia grisi, tukapanda bajaji. Njiani ananiambia, "Hospitali sema umejikata nyumbani, bosi atayamaliza yote." Nikasema hivyohivyo. Cheti changu cha kwanza kimeandikwa: kajikata na panga, nyumbani.

Bosi akalipa hospitali, akaniongezea laki tatu. Mwezi wa tatu mshahara ukakatika. Hapo ndipo nikaanza kutafuta mwanasheria, na wa kwanza kumpata alikuwa kishoka. Ofisi yenyewe meza nje ya stationery, anataka laki mbili za kufungua faili na theluthi ya kitakachopatikana. Nikatanguliza elfu hamsini. Simu haijapatikana mpaka leo.

Aliyenitoa ni dada mmoja, msaidizi wa kisheria pale kwetu, hakuchukua hata nauli. Mimi nilienda na maswali ya sheria, yeye akaniuliza, "Nani alikuona ukiumia?" Wenzangu wawili wakaandika maelezo. Mmoja alikuwa na picha kwenye simu: mashine, damu sakafuni, lile tambara, saa 8 na dakika 40 usiku. Panga la nyumbani likafia hapo. Ndiye aliyenieleza kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015, mchango anatoa mwajiri peke yake, na kupeleka dai hulipii kitu. Nilikuwa na miezi 10 tangu niumie, na mwisho ni 12.

Ulemavu wangu ulipopimwa haukuzidi asilimia 30, nikalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Haya, nani mwingine?

Mama HR
Pole sana mkuu. Nimekaa HR miaka 9, niwape ya upande wa pili wa meza. Mwajiri akishapata taarifa ana siku 7 za kuifikisha WCF. Wengi wanaficha kwa kuogopa wakaguzi wa OSHA, wale wa usalama na afya kazini, wakati mchango wameshalipa! Wanabaki kumtibu mtu kwa pesa ya mfukoni kana kwamba mfuko haupo.

Nyingine: ukiwa na ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, unalipwa asilimia 70 ya mshahara. Mshahara upi? Ule wa kwenye karatasi. Wale mnaoandikiwa laki na nusu halafu nyingine mnapewa kwenye bahasha, siku ya kuumia ile bahasha haihesabiki.

Bin Changamwe
Huku kwetu Kenya ni WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007. Niliumia mgongo nikishusha magunia. Wakili akanifungulia kesi 2020, hakimu akasema hana mamlaka. Kumbe Mahakama ya Juu ilishakata shauri Desemba 2019: madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa DOSH, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Wakili asijue vipi, na ndiyo kazi yake? Mwaka umepotea, na bili yake ataka nilipe.

Mguu Mmoja
Mimi nilipewa barua ya kuachishwa plasta bado iko mguuni. Nikadhani yote yanakwenda dirisha moja. Fidia ni WCF, kuachishwa ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na CMA siku zake ni 30 tu. Nilifika siku ya 41, ikabidi kwanza niombe kuongezewa muda, na vyeti vya wodini mkononi.

Kaka Mkubwa
Mnawatisha watu. Mimi nilimalizana na bosi kiungwana, akanifungulia genge, maisha yanasonga.

Fundi Bati
Safi kaka. Mliandikishana?

Kaka Mkubwa
Hapana.

Kibarua wa Chanika
Samahani wakuu, nauliza. Mimi ni kibarua wa saiti, sina mkataba. Wiki mbili zilizopita nilianguka na ngazi, nyonga haijakaa sawa. Fomani anasema vibarua hatumo.

Mama HR
Umo. Fomani asikudanganye. Ulikuwa unalipwaje?

Kibarua wa Chanika
Kwa simu, kila Jumamosi. Ila simu ilikuwa mfukoni siku ile, imepasuka yote.

Fundi Bati
Laini je?

Kibarua wa Chanika
Ipo, nimeiweka kwenye kitochi cha mke wangu.

Fundi Bati
Basi kesho nenda na kitambulisho duka la mtandao wako, uombe taarifa ya miamala yote tangu uanze pale saiti. Jina la anayekutumia litatokea kila Jumamosi. Na wale mliokuwa nao juu, chukua namba zao kabla saiti haijahama.