Kishikwambi changu kimekuwa cha zamani ndani ya siku 41, na duka lilijua

Wakuu, habari zenu. Hasira nilizonazo nimezipa siku tatu zipoe, hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi nachora kadi za harusi na sendofu. Miaka yote nimechora kwa mkono, nikimaliza napeleka stationari wanisafishie kwenye kompyuta, na nusu ya faida inabaki kwao. Mwaka huu nikasema inatosha. Nikacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu na wenzangu kumi, nikambembeleza kijumbe zamu yangu iangukie mwezi wa saba, nikajazia na akiba ya ndani, nikashuka Kariakoo na shilingi 1,480,000 mkononi kununua kishikwambi chenye kalamu yake.

Muuzaji nilimuuliza swali moja, tena nikalirudia: "Kaka, hakuna kingine kinachokuja karibuni? Maana hela hii siipati tena." Akanitazama usoni: "Dada yangu, mashine mpya ndiyo hii, juu yake hakuna. Chukua, miaka mitatu hutaulizia nyingine." Akachana nailoni mbele yangu, akawasha, akanikatia risiti ya EFD. Nikarudi nyumbani na daladala nimekipakata kama mtoto mchanga.

Siku ya 41 mtoto wa dada yangu ananitumia picha: "Mamdogo, si ndicho chako hiki?" Sicho. Ni toleo lililofuata, kioo kizuri zaidi, nafasi ya kuhifadhia mara mbili, na bei ni ileile niliyolipa mimi. Changu kimeshushwa hadi 1,050,000 na kubandikwa karatasi "ofa, tunamaliza mzigo". Laki nne na thelathini zimeyeyuka, na waranti yangu haijafikisha hata miezi miwili.

Hapo ningemeza tu. Kinachoniumiza ni kalamu.

Asiyechora hawezi kulijua hili, ngoja nieleze. Ncha ya ile kalamu ni kiplastiki kidogo kama punje ya mchele, na kinaisha. Ukichora kila siku juu ya kioo kinalika upande mmoja, kinakuwa bapa, na mstari unaanza kunenepa pasipo kuambiwa. Ua la hina kwenye kiganja cha bibi harusi linataka mstari mwembamba kama unywele, ncha ikishakuwa bapa linatoka kama limechorwa kwa mkaa. Ndani ya boksi zilikuja ncha mbili za akiba, moja nimeshaiweka. Toleo jipya limekuja na kalamu nyingine kabisa. Ncha zake haziingii kwenye yangu, na kalamu yenyewe haisomi kwenye kishikwambi changu, niliijaribu palepale dukani. Nimezunguka mitaa ya Aggrey na Likoma mchana kutwa, jibu ni moja: "Za zamani hatuagizi tena." Za zamani! Kitu cha mwezi wa saba!

Kuna jingine nililolijua nikiwa nimeshachelewa. Miaka ya apdeti, yaani maboresho ya programu, inahesabiwa tangu toleo lilipozinduliwa, siku uliyolipa wewe haihusiki. Changu kilizinduliwa mwaka jana. Kwa hiyo siku nakikomboa kwa bei kamili, muda wake wa apdeti ulikuwa umeshaliwa mwaka mzima, na hakuna aliyefungua mdomo kuniambia.

Niliporudi dukani yule kaka hakuwepo. Mwenzake, bila kujua ananipa ushahidi, akasema mzigo wa hili jipya waliuagiza tangu mwezi wa sita. Wa sita, wakuu! Mimi nimenunua wa saba. Yule aliyeniambia juu yake hakuna alikuwa anasukuma kilichobaki stoo kabla kipya hakijatua. Simu ya huduma kwa wateja ya kampuni ndiyo kabisa, nimeambiwa kampuni "inaendelea kuboresha bidhaa kwa manufaa ya wateja". Mteja mimi nimenufaika na nini?

Najua kuna watakaokuja hapa kusema teknolojia haisubiri mtu. Sijaomba isubiri. Na msidhani ni shida ya Kariakoo peke yake. Mwaka 2012 Apple walianza kuuza iPad ya kizazi cha tatu tarehe 16 Machi, na tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo wakatangaza ya nne, bei ya kuanzia ileile dola 499, prosesa mpya, na tundu la chaja wakalibadilisha. Miezi saba! Ile ya tatu wakaiondoa sokoni, huku iPad 2 ya mwaka 2011 wakiendelea kuiuza hadi 2014. Aliyenunua ya tatu alibaki na nyaya na vifaa visivyoingia kwenye toleo lililofuata, na ilipofika iOS 10, programu endeshi ya Apple, ya nne ikaipata, ya tatu ikaachwa njiani.

Lakini kampuni hiyohiyo ilishaonyesha kwamba inawezekana kumtazama mteja. iPhone ya kwanza ilitoka tarehe 29 Juni 2007, ya GB 8 ikiwa dola 599. Tarehe 5 Septemba wakaishusha hadi 399. Watu waliowahi kununua wakachachamaa, na kesho yake Steve Jobs akaandika barua ya wazi, wakapewa dola 100 za kununulia vitu kwenye maduka ya Apple. Nusu ya tofauti, ndiyo, ila walipewa. Mimi hata pole sijapewa.

Utetezi wao mwingine naujua: wakitangaza mapema, la zamani halinunuliki, na wanawatolea mfano Osborne wa Marekani, waliotangaza kompyuta mpya mwaka 1983 na mwaka huohuo wakafilisika. Sawa, kaa kimya. Kukaa kimya na kuniambia "juu yake hakuna" nilipouliza mara mbili ni vitu viwili tofauti. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na barua ya kwenda FCC, Tume ya Ushindani, nimeshaanza kuiandika, risiti nimeibandika juu.

Ninachotaka si kurudishiwa hela yote. Nataka nibadilishiwe nichukue jipya, changu kihesabiwe kwa bei ya risiti badala ya hiyo bei ya kumaliza mzigo. Wakishindwa hilo, waagize ncha na kalamu za toleo langu kwa muda wote wa waranti waliyoiandika wao wenyewe. Jumatatu saa tatu asubuhi niko pale mlangoni.

Aliyewahi kupeleka shauri la namna hii FCC aniambie ilichukua muda gani na alidaiwa karatasi zipi. Na mwenye ncha za kalamu ile ya zamani, hata tatu tu, anitumie ujumbe leo nimlipe. Nina kadi 300 za harusi ya tarehe 20, na ncha nilizobakiza ni hii iliyomo na moja tu ya akiba.