Madereva wa Tunduma, mnamudu vipi safari za kuunganisha?

Trela Futi 40:
Wakuu, heshima kwenu. Napiga Dar–Tunduma mwaka wa tisa huu. Juzi nimeingia Dar saa nne usiku, saa tisa tajiri kapiga simu: mzigo tayari, mteja analalamika. Nikaondoka na usingizi wa saa tatu. Foleni ya mizani Vigwaza peke yake ilinila saa mbili.

Mikumi nimepita saa nane mchana. Nakumbuka twiga wawili kando ya barabara. Kutoka hapo sikumbuki kitu, mpaka utingo alipopiga kelele, "Mkuu, kona!" Kucheki, tuko Ruaha Mbuyuni, kwa wauza vitunguu. Utingo anaapa macho yangu yalikuwa wazi. Sasa njia yote hiyo nani alikuwa anaendesha? Mlima Kitonga nimeupanda magoti yanatetemeka.

Kahawa chungu nakunywa, maji ya baridi najimwagia, dirisha nafungua. Havisaidii tena. Nyie mnafanyaje? Na mirungi msinitajie.

Nesi wa Zamu:
Pole kaka. Mimi si dereva, nipo wodi ya wazazi. Watafiti walishapima: mtu akikaa macho saa 17 hivi, utendaji wake unashuka kama wa aliyekunywa pombe hadi kiwango cha 0.05% kwenye damu. Mimi niliwahi kuandika dawa ya kitanda cha nne kwenye faili la kitanda cha tano, zamu ya pili mfululizo, tuko wawili wodi nzima. Mwenzangu ndiye aliyeona. Na nilikuwa najiona niko sawa kabisa!

Dereva Mstaafu:
Mdogo wangu, ukitembea 80, kila sekunde gari linakula mita 22. Sinzia sekunde nne tu, umeshapita karibu mita 90 na kontena mgongoni. Kahawa kunywa, ila paki kwanza. Ukishaimeza lala dakika 20. Ukiamka ndiyo inaanza kupanda. Paki Mikumi mjini, siyo hifadhini.

Trela Futi 40:
Shikamoo mzee. Tatizo gari lina traka. Likisimama dakika kumi, tajiri anapiga.

Dereva Mstaafu:
Marahaba. Mwambie unapoza breki.

Trela Futi 40:
Mrejesho: leo nimelala Mikumi dakika 40. Simu zake sita. Nimemwambia breki zimechemka. Ameniambia nizipoze vizuri, Kitonga iko mbele.