Mafua ya kusi: kwenu nani huanguka wa kwanza? Tupeane uzoefu

Mnazi_Mkavu (Malindi)
Hodi wanajamvi. Upepo wa kusi umeingia na nyumba nzima yakohoa. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mamangu. Ana miaka 71, analala chumba kimoja na wajukuu watatu wenye makamasi, wanampigia chafya usoni, na yeye hata kupenga hapengi. Mimi mwenye nguvu zangu nimelala siku nne. Mwenye kisa akilete, mwenye elimu asitufiche. Ila tafadhali, habari za "kunywa ndimu kinga ipande" nimeshazisikia mpaka basi.

Bint_Pate
Kwetu mlango wa ugonjwa ni shule. Wa darasa la pili huleta, kichanga ndiye hulipa. Mtoto wa dadangu, miezi minne, alianza kwa kamasi nyepesi. Siku ya tatu hanyonyi, na akivuta pumzi mbavu zaingia ndani. Ilikuwa usiku na maji yametoka, ikabidi tungoje yajae ndipo boti ipite mlango wa bahari wa Mkanda. Sitasahau ngoja ile. Kufika Lamu akatiwa oksijeni siku mbili. Tukaambiwa ni kirusi cha njia ya pumzi kinaitwa RSV. Yule wa darasa la pili siku hiyo yuko nje acheza mpira!

Muuguzi_Mstaafu
Pole sana mwanangu. Hilo la shule si dhana yako. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, hapa Kilifi waliwafuata watu wa nyumba kadhaa msimu mzima, wakiwachukua vipimo vya puani mara kwa mara, wakaona kichanga mara nyingi hupata RSV kutoka kwa ndugu zake wakubwa wanaosoma. Kirusi ni kilekile, lakini mirija ya pumzi ya kichanga ni myembamba mno. Ikivimba kidogo tu na kujaa ute, hewa haina pa kupita. Kingamwili, yaani protini za kupigana na viini, alizopewa na mamake tumboni nazo hupungua mwezi baada ya mwezi.

Mnazi, mamako hana siri. Mwili ukikutana na kirusi kigeni huchukua wiki moja hadi mbili kutengeneza kingamwili za kutosha. Ukishakijua, seli za kumbukumbu, zile chembe za kinga zinazomkumbuka adui, huamka kwa siku chache, na pengine kingamwili zilizomo puani hukizuia kabla hujahisi kitu. Bibi kalea watoto, kalea wajukuu. Vingi ashakutana navyo. Lakini usimwache alale na wagonjwa kwa kumtegemea. Kinga huzeeka pia, na homa ya mafua (influenza, si mafua ya kawaida) ikimpata mtu wa umri wake huweza kushuka mapafuni.

Nahodha_Mstaafu_Kidogo (Lamu)
Basi mbona mimi napata mafua mara tatu kwa mwaka na umri huu? Kumbukumbu yangu imelewa? Maulidi yaliyopita nilirudi na kikohozi kilichokaa wiki tano. Kamasi kijani kama majani ya mchicha. Nikanunua antibayotiki dukani, nikamaliza, nikanunua tena. Tumbo ndilo lililoharibika, kikohozi kiko palepale.

Muuguzi_Mstaafu
Nahodha, umenichekesha. Virusi vya mafua ya kawaida, vile vya jamii ya rino peke yake, vina aina zaidi ya 160. Kumjua mmoja si kuwajua wote. Virusi vya homa ya mafua hubadilika sura, ndiyo maana chanjo yake hutazamwa upya kila mwaka. Na kijani kile si ushahidi wa bakteria: ni rangi ya kimeng'enya cha chembe nyeupe zilizofia vitani puani mwako. Antibayotiki haiui kirusi. Kikohozi cha wiki tano huwa mara nyingi ni njia ya pumzi iliyochubuka, kirusi chenyewe kishaondoka. Ila kikohozi kirefu hivyo kapime kifua kikuu, hasa ukiona damu, au unakonda, au unatoka jasho usiku.

Shela_Mjini (Malindi)
Mimi swali langu ni homa. Mwili wachemka, mimi natetemeka kwa baridi najifunika mablanketi mawili. Akili yangu yote: malaria.

Muuguzi_Mstaafu
Na ufanye hivyohivyo, pwani hii homa ipimwe malaria kwanza. Ama baridi ile, seli iliyovamiwa hutoa interferoni, kemikali ya kutahadharisha, kama mtu apigaye ukunga majirani wafunge milango. Chembe za kinga nazo hutoa kemikali zake, ubongo ukizipata hupandisha kipimo cha joto. Mwili ukiwa bado haujafikia kipimo kipya, wajiona una baridi. Maumivu ya viungo na uchovu, nayo mengi ni kinga yako kazini.

Mnazi_Mkavu
Nimemsomea mamangu yote. Kajibu kwamba mafua ya Malindi hii yote yashapita puani mwake, yamebaki ya Lamu. Nimemhamishia kitanda chumba cha mbele, kanuna. Asubuhi kapiga chafya mbili. Asema ni pilipili.